Nafasi ya Jina la Baba

Mokami alimaliza kukamua ng'ombe wa pili kabla jua halijatoka, akachuja maziwa kwa kitambaa, akajaza kidumu cha lita tano na kukiweka ukingoni mwa barabara, mahali ambapo mwenye pikipiki wa kupeleka maziwa Matongo hukichukua kila siku. Upande wa machimbo, mashine za kusaga mawe zilikuwa zimeshaanza kunguruma. Alinawa mikono na miguu, akavaa gauni la kanisani, kisha akainua godoro na kutoa mfuko wa nailoni aliotunzia karatasi.

"Umeziangalia zote, mama?" Rahabu aliuliza kutoka jikoni.

"Ziko tano. Nimezihesabu jana, nimezihesabu na leo."

"Na ile ya msiba?"

"Iko juu kabisa."

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya mwisho. Elieth, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa amefaulu darasa la saba kwa alama ambazo shule ya msingi ya Nyamesocho haikuwahi kuziona, na alikuwa amepangiwa sekondari ya wasichana ya bweni. Godoro la futi mbili na nusu lilikuwa limenunuliwa, na ndoo yenye mfuniko, na sanduku la bati, na fyekeo. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa. Shule ilitaka picha yake kabla ya saa tisa alasiri. Asiyekuwa nacho, nafasi yake ingerudishwa mkoani apewe mwingine, na yeye angeenda sekondari ya kata, kilomita kumi na moja kwa miguu, njia inayopita katikati ya mashimo ya dhahabu. Wasichana wanne wa kitongoji chao walikuwa wameianza safari hiyo mwaka juzi. Mmoja ndiye alikuwa bado anasoma.

Waliondoka watatu kwa pikipiki moja: Mokami nyuma kabisa, Rahabu katikati, Elieth amebanwa karibu na dereva. Nauli ilikuwa imepanda tangu wiki iliyopita. Dereva aliwaambia ni mafuta, na hakuna aliyebishana naye kwa sababu hata unga ulikuwa umepanda na watu waliambiwa ni mafuta. Kwenye barabara kuu walipanda gari, na saa tatu walikuwa mjini, mbele ya ofisi ya usajili wa vizazi na vifo.

Mlinzi aliwasogezea daftari la wageni.

"Jina, unakotoka, unamwona nani, shida gani."

"Sisi tulikuja Jumatatu," alisema Rahabu.

"Jumatatu ni Jumatatu. Andika."

Rahabu aliandika kwa niaba ya wote. Kwenye safu ya shida aliandika neno moja, cheti, kama walivyoandika watu kumi na wawili waliotangulia.

Zamu yao ilifika karibu na saa tano. Karani aliitwa Efrazia, mwenyeji wa Kagera, msichana mpole mwenye sauti ya chini, na alikuwa na miaka miwili tu katika mji huo. Jumatatu ndiye aliyewapokea na kuwaeleza utaratibu bila kuwafokea. Alikuwa amewaambia kwamba kama baba wa mtoto amefariki, waje na cheti chake cha kifo. Mokami alifurahi siku ile. Alidhani wangemwomba kitu kigumu. Cheti cha kifo cha mumewe alikuwa nacho tangu zamani. Alikikata wakati wa kesi ya shamba, na hakikuwahi kuliwa na mchwa wala kulowa.

"Shikamoo, mama. Mmerudi."

"Marahaba, mwanangu. Tumerudi. Kila kitu ulichosema kipo."

Efrazia alizipanga karatasi juu ya meza, akaanza kuandika kwenye kompyuta. Jina la mtoto, Elieth Nchagwa Marwa. Kadi ya kliniki, ipo. Jina la mama, Rahabu. Kitambulisho cha mama, kipo. Kisha akachukua cheti cha kifo, akakisoma, akaacha kuandika. Akakisoma tena.

"Huyu Nchagwa Marwa alifariki mwaka elfu mbili na tatu?"

"Mwezi wa nane," alisema Mokami. "Tulimzika Alhamisi."

"Na Elieth amezaliwa elfu mbili na kumi na mbili."

"Ndiyo."

Efrazia alingoja. Mokami naye alingoja.

"Mama, ni miaka tisa."

"Tisa, ndiyo."

"Sasa atakuwaje baba yake?"

"Ndiye baba yake," Mokami alijibu, na hakuona mahali pa kuongeza neno.

Mwanamume mmoja aliyekaa kwenye benchi nyuma yao, ameshika bahasha ya kaki, alicheka kwa nguvu. "Aisee! Marehemu amejitahidi!"

Benchi zima lilicheka. Elieth aliinamisha kichwa. Mokami aligeuka taratibu.

"Wewe mura, uliyezaliwa na aliye hai, mbona umekaa hapa tangu asubuhi hujahudumiwa?"

Watu walicheka tena, safari hii upande wake, na yule mwanamume akainua mikono kukubali kwamba ameshindwa. Lakini Efrazia hakucheka. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta.

"Mfumo hauendi mbele," alisema. "Nikiweka tarehe ya kifo, unakataa."

Ilibidi Mokami aeleze jambo ambalo nyumbani kwao halielezwi, kwa sababu kila mtu analijua. Alikuwa amezaa na Nchagwa mabinti watatu, na wote waliolewa. Mtoto wa kiume hawakupata. Mumewe alipokufa, nyumba ilibaki haina wa kurithi boma. Kwa hiyo alifanya kama walivyofanya wanawake wengine wa Kikurya walioachwa hivyo. Alitoa ng'ombe kumi miongoni mwa wale waliokuja kwa mahari ya mabinti zake, akamwoa Rahabu. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Mwanamke anamwoa mwanamke mwenzake, naye akizaa, na yeyote atakayemzalisha, watoto ni wa nyumba ile na wanaitwa kwa jina la mwenye nyumba aliyekufa. Ng'ombe walipelekwa mchana, wazee walikunywa pombe, kila mtu aliona. Hapakuwa na siri ndani yake.

"Kwa hiyo Rahabu ni mke wako," alisema Efrazia.

"Ni mke wa nyumba yangu."

"Na wewe kwa mtoto ni nani?"

Mokami alifikiri. "Ada nalipa mimi. Sare nashona mimi. Akiumwa nambeba mimi. Wewe uliyesoma, niambie huyo anaitwaje."

"Kwenye fomu kuna baba, mama na mlezi. Mlezi anatakiwa awe na barua ya mahakama."

Hapo Mokami aliingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni na kutoa karatasi ya tano, ambayo Jumatatu hakuitoa kwa sababu hakuombwa. Ilikuwa ngumu, yenye pambo la rangi ya dhahabu pembeni, imefunikwa kwa plastiki. Ilikuwa na mhuri wa shule na sahihi ya mwalimu mkuu.

"Soma na hii."

Efrazia alisoma kwa sauti ya chini: "Cheti cha Mzazi Bora. Anatunukiwa Mokami, mzazi wa Elieth Nchagwa, darasa la saba."

"Mzazi," alisema Mokami. "Imeandikwa, na mhuri upo."

Cheti hicho alipewa siku ya mahafali. Miaka mitatu kabla, Mwalimu Batholomeo, ambaye alikuja kutoka Kigoma na hakujua Kikurya, aliitisha mkutano wa wazazi na kuwaeleza mambo ya kufanya ili watoto wafaulu. Mtoto ale kabla ya kuja shule. Apewe muda wa kusoma, asitumwe ovyo. Mzazi akague madaftari, amuulize mtoto amejifunza nini, aje shule bila kusubiri kuitwa. Wazazi wengi walipiga makofi wakaenda zao. Mokami aliyachukua maneno yale kama mtu anavyochukua maelekezo ya dawa. Uji ulipikwa kila alfajiri. Kuchota maji jioni alikuwa anakwenda yeye, ingawa magoti yalimuuma. Hakujua kusoma, lakini kila Ijumaa alifunua madaftari na kuangalia wino mwekundu wa mwalimu: palipokuwa na vyema alipita, palipokuwa na mkasi aliuliza, "Hapa mlikosana nini na mwalimu?" na Elieth alilazimika kumweleza mpaka aelewe, hata kama ni sehemu na desimali. Katika mikutano kumi na minne ya shule hakukosa hata mmoja.

"Hongera sana, mama," alisema Efrazia, na alikuwa anamaanisha. Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. "Lakini hii haiingii kwenye mfumo."

Aliwaeleza njia zilizopo. Wangeweza kuacha nafasi ya baba wazi, lakini hapo ilitakiwa barua ya afisa ustawi wa jamii, naye alikuwa kwenye semina Musoma mpaka Jumatano.

"Jumatano nafasi itakuwa imekwenda," alisema Rahabu.

"Najua."

"Hakuna anayekaimu?"

"Anayekaimu ndiye aliyekwenda naye semina."

Njia ya pili ilikuwa baba aliye hai. Aje mwenyewe na kitambulisho chake, akubali, asaini. Jina la mtoto kwenye cheti lingefuata la baba huyo, na tofauti na jina la kwenye matokeo ingeelezwa kwa kiapo cha wakili, ng'ambo ya barabara, dakika kumi. Cheti kingetoka leo leo.

"Baba aliye hai," alirudia Mokami.

"Yule aliyemzaa, mama. Kama anajulikana."

Mtu wa benchi mwenye bahasha alikuwa ametega sikio waziwazi. Kisha Rahabu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajamtazama Mokami usoni, akasema taratibu:

"Daudi yupo."

Daudi alikuwa Msukuma wa Bariadi, mchimbaji, aliyekuja kufuata dhahabu na kubaki. Siku hizi hakuwa anaingia shimoni. Kifua kilikuwa kinamsumbua, akawa analisha mawe kwenye karasha, mashine ya mtu ya kusagia mawe. Alipokuwa anakuja kwa Rahabu zamani, Mokami alijua, na hakuwa na neno, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Mtu wa namna hiyo anakuja na anaondoka, hadai kitu, haitwi kwa jina mbele ya watoto. Mara moja tu Daudi alikosea. Elieth alipokuwa na miaka sita, alimletea viatu vyeusi vya shule. Mokami alimfukuza na viatu vyake mpaka barabarani, akamrushia kimoja mgongoni. Hakuwa na chuki naye. Mtu akianza kuleta viatu, kesho ataleta jina.

"Mpigie," alisema Mokami.

Walitoka nje kumsubiri. Upande wa nyuma wa ofisi palikuwa na kibaraza chenye kivuli chembamba cha bati, na watu walikaa hapo wakiwa wamekunja miguu ili jua lisiifikie. Rahabu alinunua maandazi matatu, Elieth akala moja na nusu. Saa sita ilipita. Saa saba makarani walikwenda kula, na mlinzi akafunga mlango kwa kiti.

Daudi alifika saa saba na nusu kwa pikipiki, nywele na nyusi zimejaa vumbi la mawe, kama mtu aliyetumbukizwa kwenye unga. Alikuwa na kitambulisho mfukoni. Alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Leo hamna kiatu mkononi?"

Rahabu alitazama chini ili asicheke. Mokami hakuona cha kuchekesha, lakini hakukasirika.

"Kaa," alisema. "Rahabu amekueleza?"

"Amenieleza. Nasaini tu kwamba mtoto ni wangu, basi."

"Unasaini ili asome."

"Mimi nasaini, sina noma. Mtoto mwenye akili namna hii, nani atakataa?" Alikohoa, akageuka kando, akatema kwenye majani. "Lakini, mama, nikwambie ukweli, usije ukasema nilikuficha. Mimi nina kaka zangu Bariadi. Mimi mwenyewe sitaki kitu kwenu. Hiki kifua changu mnakisikia. Ila karatasi ya serikali haifi. Siku mtoto anaolewa, kaka zangu wakisikia kuna karatasi, watapanda gari."

"Wachukue ng'ombe."

"Wachukue ng'ombe. Na yeye wamwite wao."

"Na mimi nitawaambia nini?"

"Hapo sijui, mama. Mimi nitakuwa sipo."

Mokami alimtazama Daudi, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba Elieth alikuwa na masikio yake. Ng'ombe kumi walikuwa wamekwenda kwa Rahabu. Walikuwa na majina; angeweza kuwataja mmoja mmoja, na rangi zao. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili ya nyumba ya Nchagwa, na sasa, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa anaitoa nyumba hiyo bure kwa watu wa Bariadi asiowajua. Halafu alifikiria ile njia ya kilomita kumi na moja, na wale wasichana watatu walioacha shule. Mmoja wao alikuwa anauza chai getini kwenye karasha, na mimba.

"Na Nyangwine?" Rahabu alinong'ona. Nyangwine alikuwa mdogo wake Elieth, darasa la pili. Baba yake hakuwa Daudi, alikuwa mtu wa Singida, mpita njia. "Zamu yake ikifika, yule tutamtafuta wapi?"

"Leo ni Elieth," alisema Mokami.

Saa nane kasoro dakika tano Efrazia alirudi. Alipita kibarazani, akainama karibu yao kama anayeokota kitu.

"Jambo moja," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto akizidi miaka kumi, mkuu wa ofisi anamuuliza yeye mwenyewe, ndani, peke yake. Wiki iliyopita mtoto mmoja alitaja jina tofauti na la kwenye fomu. Faili lilirudishwa, na mzazi aliambiwa amedanganya serikali. Hakikisheni anajua la kusema."

Alipoondoka, wote walimtazama Elieth. Alikuwa amesikia kila kitu tangu asubuhi.

"Njoo hapa," alisema Mokami, akasogea kumpa nafasi. "Baba yako anaitwa nani?"

"Nchagwa Marwa," alijibu Elieth.

"Hapana. Leo siyo hivyo. Huyu hapa. Daudi Masunga. Sema."

"Daudi Masunga."

"Baba yako anaitwa nani?"

"Bibi, si unajua."

"Mimi najua. Anayeuliza huko ndani ni mzee mwenye miwani, hajui. Baba yako anaitwa nani?"

"Nchag..." Elieth aliuma mdomo. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Anaitwa Daudi Masunga."

"Tena. Bila kunitazama mimi. Tazama ukuta."

"Anaitwa Daudi Masunga."

"Anakaa wapi?"

"Matongo."

"Kazi yake?"

Elieth hakujua. Alimtazama Daudi, naye Daudi akafuta vumbi kwenye nyusi, akaonekana kama mtu aliyeulizwa swali gumu kuliko alilotarajia.

"Mwambie mchimbaji," alisema. "Mchimbaji mdogo."

"Mchimbaji mdogo," alisema Elieth.

"Na Nchagwa ni nani?" aliuliza Mokami.

Elieth alimgeukia. Hilo hawakuwa wamepanga.

"Watauliza," alisema Mokami. "Jina liko kwenye matokeo yako. Sema ni jina la ukoo. Sema ulilikuta shuleni, mwalimu aliandika."

"Lakini hakuandika mwalimu. Uliandikisha wewe."

"Sema mwalimu aliandika."

"Mwalimu aliandika," alisema Elieth, sauti yake ikiwa ndogo.

Walirudia mara sita. Mara ya sita hakukosea mahali popote, wala hakusita. Mokami alimpangusa uso kwa upindo wa kanga.

"Vizuri," alisema. "Hivyo hivyo."

Elieth alikaa ndani kwa mkuu dakika nne. Alipotoka, mkuu alitoka naye, ameshika fomu, akampa Efrazia. "Binti anajieleza vizuri sana huyu," alisema. "Anajibu moja kwa moja. Wazazi hongereni." Alimpa mkono Daudi, akampa mkono Rahabu. Mokami alikuwa amesimama nyuma yao. Mkuu alimwambia shikamoo bibi, akarudi ndani.

Daudi alisaini. Rahabu alisaini. Efrazia aligeuza ukurasa, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano.

"Bado shahidi. Mtu mzima anayewafahamu wazazi wote wawili. Asiwe ndugu."

Rahabu aligeuka kutazama benchi. Yule mwanamume wa bahasha alikuwa ameshaondoka. Waliobaki walikuwa akina mama wawili wenye watoto wachanga, na mzee aliyelala. Hakuna aliyewafahamu.

"Mlinzi?" aliuliza Daudi.

"Mtumishi wa ofisi haruhusiwi."

"Hapa mjini hatujui mtu," alisema Rahabu. Sauti yake ilianza kupanda. "Tutampata wapi mtu sasa hivi? Dada, saa tisa..."

Efrazia alikuwa anageuza kalamu kati ya vidole. Alimtazama Mokami, kisha akatazama fomu, kisha akamtazama tena.

"Mama," alisema, "kwa karatasi hizi zilivyo sasa, wewe siyo ndugu yao."

Ilimchukua Mokami muda kidogo kuelewa kwamba alikuwa anasaidiwa. Alisogea mezani. Efrazia alimsomea maneno yaliyochapwa, polepole, kama ilivyotakiwa: kwamba yeye shahidi anawafahamu waliotajwa hapo juu, kwamba anajua kwa hakika kuwa huyu ndiye baba mzazi wa mtoto huyu, na kwamba anayoyasema ni kweli.

"Unakubali?"

"Nakubali."

"Jina lako kamili ninalo. Kijiji ninacho." Kalamu ilisimama. "Hapa wanauliza uhusiano wako na familia. Niandike nini?"

Elieth alikuwa amesimama karibu na mlango. Mokami hakugeuka kumtazama.

"Andika jirani."

Efrazia aliandika. Akasogeza kisahani cha wino, akashika kidole gumba cha Mokami, akakiviringisha kwenye wino, kisha kwenye karatasi, kutoka kushoto kwenda kulia. Alama ilitoka nzuri, na mistari yote ilionekana.

Daudi na Rahabu walikimbilia kwa wakili, wakarudi na kiapo. Cheti kilichapwa saa nane na dakika hamsini. Efrazia alisema kinakabidhiwa kwa mzazi, akampa Rahabu. Rahabu alikipiga picha kwa simu, akaituma kwa Mwalimu Batholomeo ili aipeleke shuleni. Jibu lilirudi baada ya dakika mbili, na Rahabu akalisoma kwa sauti: "Imepokelewa. Jumatatu aripoti. Mpe hongera mama yetu, amepambana."

"Nimesikia," alisema Mokami.

Alitoka wa mwisho. Wino ulikuwa bado mbichi kidoleni na hapakuwa na kitambaa wala maji. Pembeni mwa mlango ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe siku za karibuni, na chini ya rangi hiyo mpya alama za zamani zilionekana bado, vidole vingi, vya watu wazima na vya watoto, vimepandana mpaka usawa wa bega lake.

"Bibi," alisema mlinzi bila kuinuka kwenye kiti, "hapo hapafutwi wino. Mkuu amekataza."

Mokami alimsikia. Aliweka kidole chake juu ya rangi nyeupe, mahali palipokuwa wazi, akakikandamiza, akakiviringisha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia kama alivyofanyiwa ndani. Halafu akaangalia kama kimetoka vizuri, akawafuata wenzake barabarani.